Aliyefunua Ndiye Mwenye Chungu

Rafiki yangu, wewe unanijua. Unajua kwamba mimi si mtu wa kusumbuliwa na chakula. Kikiwepo nakula, kikikosekana nakunywa chai nalala. Lakini Jumamosi iliyopita maharagwe yalinitoa machozi, na sisemi machozi ya kitunguu. Niliyabandika motoni saa moja asubuhi. Kufikia saa saba mchana yalikuwa bado yanagonga sufuria kama mvua ya mawe juu ya mabati. Gesi ilikwisha saa nne. Makaa nayo yalikuwa yanaelekea huko huko, na mimi nilikuwa nimekwisha kabla ya vyote viwili.

Utaniuliza kwa nini sikununua ya mkebe kama watu wengine wenye akili. Sababu ni mama.

Mama anakaa kwetu hapa Makutano tangu alipoteleza kwenye zizi la ng'ombe akavunjika mguu. Mguu umepona. Daktari ameupiga picha mara mbili, ameugongagonga, amesema mama huyu atembee. Mama huyu hatembei. Anashinda kwenye kiti karibu na dirisha, shuka mapajani, akitazama malori yanavyogombania njia huko chini, na ukimpelekea chakula anakujibu maneno mawili ambayo nimeyachukia kuliko matusi: "Sisikii njaa." Uji, hasikii njaa. Kuku, hasikii njaa. Siku moja nilimletea samaki mzima wa kukaanga, akamtazama yule samaki kwa huruma kana kwamba wote wawili wameonewa, kisha akarudisha macho dirishani. Pete yake ya ndoa ameizungushia uzi ili isimtoke kidoleni. Nikiiona pete hiyo naogopa, na mimi nikiogopa napiga kelele, ndivyo nilivyoumbwa. Nimempigia mama kelele ambazo sipendi kuzikumbuka.

Basi Alhamisi jioni, bila kuulizwa, akasema akiwa bado anatazama nje, "Ningepata maharagwe ya mafiga, labda ningekula."

Maharagwe ya mafiga! Wewe uliyelelewa kijijini unajua mafiga: mawe matatu, moto katikati, chungu juu. Sisi tunakaa ghorofa ya pili. Mlinzi wa jengo hili akiona moshi hata wa ubani anapanda ngazi mbio. Mafiga nitayaweka wapi, kwenye kapeti? Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi mama kutaja kitu anachokitaka, na mimi ningepika maharagwe hayo hata juu ya paa.

Ijumaa nikatoka kazini nikakimbia Gakoromone kabla soko halijafungwa. Nilimkuta mama mmoja ana maharagwe aina ya nyayo, yale yenye madoa, lakini yalikuwa yamebaki nusu tu ya gorogoro, lile kopo lao la kupimia. Akageukia gunia la mwenzake, akachota, akajaza gorogoro mpaka likawa na kilima. "Yote ni nyayo, mami, yote ni mapya, jana yalikuwa shambani," akaniambia, na mwenzake akaitikia kama mwimbaji wa kwaya. Nilijua si kweli. Nimelelewa na mwanamke ambaye angevuta kigoda, akakaa mbele ya wale wawili na kuwahubiria mpaka jioni. Lakini nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inaanza, nikafungua mfuko nikamiminiwa. Usiku sikuyachagua. Niliyaosha tu, nikayaloweka, nikaenda kulala.

Hiyo Jumamosi sasa. Gesi ilipokwisha nilihamia kwenye kibaraza kidogo cha nyuma, pale tunapoanika nguo, nikawasha jiko la makaa nikiwa nimemwomba mlinzi radhi mapema. Binti yangu, aliyekuja nyumbani kwa likizo ya chuo, akawa anapita kila baada ya robo saa. Anafunua, anachungulia, anafunika nusunusu, anaondoka na vidude vyake vya muziki masikioni. "Mum, hii kitu imeiva?" Haijaiva. "Si ungetumia tu presha kuka? Ama ya mkebe? Cucu hawezi jua." Cucu ndivyo wajukuu wanavyomwita mama yangu, na nakuhakikishia cucu angejua kabla ya kijiko kufika mdomoni.

Kisha akaja jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye roho nzuri ambaye mumewe anaendesha lori kwenda Isiolo. Yeye naye akafunua. "Dada, tia magadi kidogo, wallahi saa hii hii yatavunjika. Halafu nikuletee nazi." Nikamwambia asante, magadi hapana, nazi hapana. Akanitazama kwa upole wa mtu anayemtazama mgonjwa. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema, akaenda zake, na kifuniko akakiacha pembeni.

Mara binti yangu huyo tena, mkono kwenye kifuniko. Ndipo sauti ikanitoka ambayo haikuwa yangu. "Aliyefunua ndiye mwenye chungu!"

Akaondoa kimoja cha vile vidude sikioni. "Eti aliyefanya nini?"

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, moshi wa makaa machoni, na maneno yale sikuwa nimeyasikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Yalikuwa maneno ya nyanya, mama mzazi wa baba. Aliyasema kwa Kimeru, lakini maana yake ndiyo hiyo, na kwetu yalikuwa sheria iliyo juu ya sheria zote za serikali.

Kwa nyanya kulikuwa juu, mlimani, pale kahawa inapoisha na chai inapoanza. Jiko lake lilikuwa nyumba inayojitegemea, ya mbao zilizokuwa nyeusi kwa moshi mpaka zinang'aa. Ukiingia ulikuwa huoni kitu kwanza. Ulisikia: moto unavyotafuna kuni za mikahawa iliyopogolewa, kuku anayelalamika kona, na chungu kikisema polepole kwa sauti ya chini, puku, puku, puku. Halafu macho yakizoea ulimwona nyanya mwenyewe juu ya kigoda chake, miguu imenyooshwa, anakutazama muda mrefu kabla wewe hujamwona.

Maharagwe kwa nyanya hayakuwa chakula tu. Yalikuwa mtihani wa tabia. Kwanza yalichaguliwa kwenye ungo, moja moja, juani, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Jiwe huku, lililotobolewa na wadudu huku, lililokunjamana huku. Kisha chungu kilijazwa maji, juu ya maharagwe likatandikwa jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lilegee, ndipo kifuniko kikawekwa. Birika la maji ya moto lilikaa pembeni ya mafiga, kwa sababu ukiongeza maji baridi kwenye maharagwe yanayochemka yananuna, na yakishanuna hata uyabembeleze vipi hayarudi. Chumvi ni mwisho kabisa. Magadi, nyanya alisema, ni ya mtu aliyeshindwa na kuni.

Na tena usifunue. Hilo ndilo lililotushinda. Nyanya aliamini kwamba maharagwe yanaharibiwa na watu wa kuchungulia, wale wanaopita, wanafunua, wanasema "bado," na kwenda zao wakiacha mvuke umetoka. Kwa hiyo akaweka sheria. Ukifunua chungu, kuanzia hapo chungu ni chako. Moto ni wako, maji ni yako, na yasipoiva aibu ni yako. Hutoki jikoni mpaka yaive, ila mtu mwingine afunue kwa hiari yake akuchukulie zamu. Na nani atafunua kwa hiari yake? Niliwahi kumwona baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, amekaa jikoni nusu siku akipuliza moto kwa sababu alifunua akitafuta mahali pa kuwashia sigara. Nyanya alikuwa nje anapalilia, anaimba.

Mimi nilikuwa na jina la nyanya, kama ilivyo kwa binti wa kwanza. Kwa sababu hiyo mama alikuwa na utani wake. Alinichapa, alinisuka, alinifuta kamasi, na wakati wote huo aliniita "mama mkwe." "Mama mkwe, njoo uoge." "Mama mkwe, umeiba sukari tena." Nyanya aliusikia utani huo na hakucheka hata siku moja.

Nyanya hakuwa mbaya, tusimsingizie. Lakini mama alikuwa ametoka Mitunguu, bondeni, kwenye joto na migomba na mifereji ya maji, na kwa nyanya mtu wa bondeni alikuwa mtu aliyelelewa kirahisi. "Watu wa bonde wanajua ndizi," alisema, "maharagwe hawayajui." Kule juu mama alihisi baridi mwaka mzima, alitembea amejifunga shuka mabegani, alichuma kahawa, alikata majani ya ng'ombe, na chungu kikubwa cha wageni hakuwahi kuachiwa.

Nilikuwa darasa la tatu mwaka ule kanisa letu lilipotangaza kwamba Jumapili ya mavuno atakuja mpiga picha kutoka mjini. Kila familia itasimama mbele ya kanisa ipigwe yake. Sijui nikuelezeje jambo hilo lilivyokuwa kubwa. Leo binti yangu anapiga picha chapati. Wakati ule nyumba nzima ilikuwa na picha moja, ya babu, amekaa kwa hasira kwenye kiti cha kuazima. Mama hakuwa na picha hata moja isipokuwa ile ya kitambulisho, na unajua kwenye kitambulisho kila mtu anafanana na mshukiwa. Alitoa sandukuni gauni lake la buluu lenye kola nyeupe, akalining'iniza siku tatu ili mikunjo iishe. Mimi nilishonewa gauni kutokana na lesi ya pazia la shangazi. Sikulala.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo picha, nyanya alinipa ungo nichague maharagwe ya wageni, kwa sababu baada ya ibada wazee wa kanisa wangekuja kula kwake. Alinipa kikapu cha mapya, yaliyovunwa msimu ule. Kando kulikuwa na kibuyu cha yale ya zamani yaliyobaki ya mbegu, yamepakwa majivu yasiliwe na wadudu, na akaninyooshea kidole: hayo usiguse. Maharagwe ya misimu miwili hayaivi pamoja, alisema, moja litakuwa uji na mwenzake bado jiwe. Nilianza vizuri. Lakini wenzangu walikuwa nje wanajifunza kusimama kama watu wa picha, mikono kiunoni, na yale mapya yalikuwa na takataka nyingi, kipimo hakijai. Nikatazama kibuyu. Nikachota konzi tatu, nne, nikayafuta majivu kwa gauni, nikachanganya. Kipimo kikajaa na kilima juu. Nyanya akapita, akaona, akanisifu.

Asubuhi ya Jumapili chungu kilikuwa motoni tangu alfajiri. Shangazi mmoja aliyekuwa anaumwa kichwa ndiye alikuwa amebaki kukiangalia. Sisi tukavaa. Nami, rafiki yangu, nikiwa na lile gauni la pazia, nimepakwa mafuta mpaka magoti yanawaka, nikaingia jikoni. Sijui nilifuata nini. Najua. Dhamiri ilikuwa inanisumbua, nilitaka kuona kama yale ya zamani yanaiva. Shangazi alikuwa ametoka nje kutapika. Nikafunua kidogo tu, nikachomoa moja, nikalitupa mdomoni. Lilikuwa jiwe, tena jiwe la moto. Nikapiga kelele na ulimi nje, na nilipogeuka nyanya alikuwa mlangoni amevaa kilemba chake cheupe cha kanisani.

"Aliyefunua ndiye mwenye chungu," akasema. Akamgeukia shangazi aliyekuwa anarudi kutoka nje. "Wewe kalale."

Nililia. Nilimshika nguo. Nilimwambia picha, nyanya, picha! Akaniambia mpiga picha hali picha, anakula maharagwe. Akatoka. Nikasikia nyumba nzima ikiondoka, viatu vya ngozi vya baba, vicheko vya binamu zangu, mlango wa ua ukifungwa. Nikakaa kwenye kigoda na gauni langu la lesi, nikachochea kuni na kumchukia kila mtu aliyewahi kupanda haragwe.

Kisha hatua zikarudi, upesi upesi. Alikuwa mama. Huko njiani alikuwa amewaambia wenzake kwamba amesahau kitambaa cha mkononi. Aliingia na lile gauni la buluu, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kichwani. Aliinama, akafunua chungu chote, si kidogo kama mimi. Mvuke ukampanda usoni. Alitazama ndani kitambo, kisha akafunika, akafunga shuka juu ya gauni lake.

"Nimefunua mimi," akasema. "Nenda, mama mkwe. Kimbia utawapata."

Nilikimbia. Hata asante sikusema. Sikugeuka nyuma kuona kama analia au anacheka, nilishuka ule mteremko na viatu mkononi. Picha hiyo ninayo, iko hapa sebuleni ukutani. Nyanya katikati kama jiwe la msingi, baba, shangazi wengine, binamu wote, na mimi mbele kabisa nimeacha mdomo wazi kwa sababu ulimi ulikuwa bado unawaka. Wageni wakija huuliza, "Na mama yuko wapi?" Nami huwajibu kwamba alikuwa anapika, na mazungumzo yanaendelea.

Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba, wakakaa. Maharagwe yalipakuliwa. Mapya yalikuwa yamevunjika kuwa uji, na ndani ya ule uji yale ya zamani yalisubiri kama kokoto mtoni. Mzee mmoja aliuma moja kwa jino lake la mwisho la kutegemewa, tukasikia sote. Nyanya alitazama sahani yake, akatazama mama, na mbele ya watu wale akasema kwa sauti, "Ndiyo maharagwe ya bonde hayo." Watu wakacheka. Mama akakusanya sahani.

Nami nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa na ulimi, ingawa umeungua. Ningeweza kusema, "Ni mimi niliyechanganya." Nikala ndizi yangu. Na jina likamganda mama. Miaka mingi baadaye, kwenye harusi, kwenye matanga, akisogea karibu na chungu kikubwa, kulikuwa na mtu wa kusema, "Huyo mpeni ndizi amenye, maharagwe ya bonde tunayajua." Walisema kwa utani. Ulikuwa utani uliokataa kuzeeka, na kila nilipousikia nilitafuta kazi ya kufanya nje.

Leo nikikumbuka sijui nimkasirikie nani. Nyanya amekwenda. Lile jiko jeusi baba mdogo alilibomoa, akajenga vyumba vya mawe vya kupangisha, na chungu kilipasuka siku ile ile ya kuhamisha vitu. Kuku wakanywea maji kwenye kipande chake mpaka nacho kikapotea. Yale maharagwe ya nyanya, madogo, ya zambarau, hayauzwi tena popote. Nimewauliza akina mama wa Gakoromone wakanitajia nyayo, wairimu, ya njano, na wengine wakadhani ninawapotezea wakati. Hata kuni za mikahawa hazipo, mikahawa yenyewe imeng'olewa. Na ile sheria nani anaijua? Sasa kila mtu anafunua. Ninyi nyote mnafunua! Mnachungulia, mnasema bado, mnaondoka, na hakuna anayejiona mwenye chungu. Nilikuwa nikiwaza hayo Jumamosi pale kibarazani, na nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kuimwaga sufuria yote juu ya malori.

Niliingia ndani kutafuta makaa ya mwisho chini ya sinki. Niliporudi nilisikia kifuniko kikilia. Nikafungua mdomo kumfokea binti yangu kwa mara ya kumi.

Hakuwa binti yangu. Alikuwa mama. Sijui alitokaje kwenye kile kiti. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, mkono mmoja ameshika kamba ya nguo, mwingine umeshika kifuniko, na mvuke ulikuwa unampanda usoni. Nilibaki na mfuko wa makaa kifuani, naogopa hata kupumua asije akakumbuka kwamba hatembei.

"Nani alichagua hii maharagwe?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Sikuchagua. Nilikuwa na haraka."

Akatwaa kijiko, akachota kidogo, akayapuliza, akayageuza kwa kidole. "Hii mpya. Hii ya zamani. Hii mpya." Akaongeza, bila kunitazama, "Kama siku ile ya picha."

Masikio yangu yalipata moto. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, rafiki yangu, nina mtoto chuo kikuu, na nilisimama pale kama mtu aliyekamatwa na ungo mkononi. "Ulijua?"

"Si nilifunua? Niliona."

"Uliona kabla hujaniambia niende?"

"Ehe."

"Mama! Na ukakaa? Ukakubali kuchekwa miaka yote hiyo, na ulijua ni mimi? Kwa nini hukusema?" Nilikuwa napiga kelele tena. Nadhani mlinzi wa jengo alinisikia.

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Ungebaki ungefanya nini? Ungeyatafuna?" Kisha akatia haragwe moja mdomoni, akalitafuna kwa upande wa meno mazuri, polepole, kichwa kimeinama. Akakunja uso. Akatia lingine. "Hii bado sana. Leta maji ya moto, si baridi. Hiyo chumvi weka mbali, nakuona." Akatia la tatu.

Nilileta birika. Nilimletea kiti chake kutoka dirishani, akakaa, akavuta shuka, akasogeza jiko kwa mguu, ule ule mguu. Kila baada ya muda alikuwa anafunua, anachota, anaonja, anatoa kasoro. Mtu asiyesikia njaa alikuwa ameshaonja karibu nusu sahani, nami nikaitazama ile pete yenye uzi nikanyamaza, maana kuonja si kula, na ningesema neno angegundua.

"Nenda ukalale kidogo," akaniambia. "Macho yako mekundu. Nenda, mama mkwe. Nimefunua mimi."

Nikaichukua ndoo yangu, nikaisogeza karibu na kiti chake. Safari hii sikwenda.